Unga wa Kwetu na Mtoto Asiyeweza Ngano wala Karanga



Ndugu zangu Waislamu, kina baba na kina mama, na nyinyi vijana ambao nyumba zetu zategemea nguvu zenu, nina neno la kuwaambia juu ya jambo dogo, nalo ni unga. Lakini kabla ya unga nina deni la kukiri.

Mwaka mmoja, katika Maulidi ya madrasa yetu hapa Matambarale, kina mama walileta masinia ya kashata za karanga kama ilivyo desturi. Mtoto mmoja wa kike, umri wake miaka saba, akaikataa kashata yake, akasema, "Maalim, mama amenikataza." Mimi nilidhani ni deko la watoto. Nikamwambia, "Kula, mwanangu, neema ya Mwenyezi Mungu haikataliwi. Kidogo hakidhuru." Naye akatii, kwa kuwa aliyemwambia ni mwalimu wake. Hazikupita dakika kumi, midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka, na pumzi zikaanza kumpaa. Kijana mmoja mwenye pikipiki akampakia pamoja na mama yake, wakakimbilia kwa matabibu. Akadungwa sindano, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu akapona.

Siku ya pili mama yule alinijia. Nilikwisha kujitayarisha kulaumiwa. Akasema, "Shikamoo, Maalim. Sikuja kukulaumu. Nimekuja uniambie watu, maana mimi hawanisikii, wewe watakusikia." Makala haya ni malipo ya deni hilo, ingawa najua hayalipi yote.

MARADHI MAWILI, SI MAMOJA

Yafaa kwanza tupambanue, maana watu huyachanganya. Maradhi yaliyompata mtoto yule huitwa mzio. Mwili hukidhania chakula kuwa ni adui, ukapigana nacho kwa haraka na kwa ukali hata ukamdhuru mwenyewe. Karanga, na jamii ya korosho na lozi, ni katika vyakula vinavyojulikana sana kwa kuleta mzio mkali. Hapa chembe moja yaweza kutosha. Mtu akivimba midomo au koo, akikoroma kwa kukosa pumzi, akitapika na kulegea baada ya kula, msingoje maji ya ndimu wala majivu; mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, maana dawa yake ni sindano ya adrenalini, na kuchelewa ni hatari.

Maradhi ya pili ni ya ngano, nayo huitwa siliaki. Haya hayaji kwa kishindo. Ndani ya ngano na shayiri mna kitu kinachoitwa gluteni, nacho ndicho kinachoufanya unga uvutike kama mpira. Kwa watu wengine gluteni huchubua utando wa utumbo mwembamba, ukashindwa kunyonya chakula. Mtoto huharisha muda mrefu, tumbo hujaa, damu hupungua, kimo hakiongezeki. Na sisi husema ni minyoo, au ni jicho la mtu. Dawa yake ni moja tu, kuiacha gluteni maisha yote. Lakini angalieni: msimwachishe mtoto ngano kabla hajapimwa, maana akiwa ameiacha vipimo huenda visionyeshe kitu.

Jambo hili lilifahamika vizuri kwa mkono wa tabibu wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Yeye alikuwa ameishuku ngano kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Kisha ikaja baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, Uholanzi ikashikwa na njaa, mkate ukaadimika. Watoto wengi walidhoofika, lakini wale wenye maradhi haya walipata nafuu. Mwaka 1950 akatoa kitabu cha utafiti wake, na tangu hapo dunia ikajua.

Wala mtu asiseme kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1999 matabibu waliwapima watoto wa Wasahrawi, Waislamu wenzetu wa Sahara Magharibi, wakakuta kwamba katika kila watoto 100, watano au sita walikuwa nayo. Ni wengi kuliko Ulaya.

KUKATAA CHAKULA SI KUKUFURU NEEMA

Neno nililomwambia mtoto yule lilikuwa na sura ya dini, lakini halikuwa dini. Tumesoma katika Sira kwamba Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa akikitia chakula ila, akikitaka hula, asipokitaka hukiacha. Aliwekewa nyama ya mburukenge wa jangwani, naye akauzuia mkono wake kwa kuwa si chakula cha nchi ya kwao, na Khalid bin Walid akala mbele yake. Hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Basi ikiwa mtu aweza kuacha chakula kwa kutokizoea tu, je, yule ambaye chakula hicho chaweza kumuua?

Vilevile ipo talbina, uji wa shayiri, ambao Mtume (S.A.W.) aliusifu kwa mgonjwa na kwa mfiwa. Ni uji wa baraka. Lakini mwenye siliaki akiunywa atajidhuru, na katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Shayiri ni njia, na siha ndiyo makusudio.

Tena iangalieni fitri. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii wamesema kwamba hutolewa katika chakula kikuu cha mji. Mwenye kula mtama hutoa mtama, na mwenye kula mchele hutoa mchele. Sheria haikuidharau nafaka ya nchi yoyote. Sisi ndio tulioidharau, tukaona mgeni hajakirimiwa mpaka apewe andazi la unga mweupe wa dukani.

UNGA ULIO GHALANI MWETU

Hapa ndipo ilipo rehema. Ngano hailimwi Matambarale. Huja kwa lori. Vinavyolimwa huku, yaani muhogo, mtama na mahindi, pamoja na mpunga wa mabondeni, havina gluteni hata kidogo. Hali kadhalika uwele na ulezi. Ulaya watu hununua unga wa namna hii kwa bei kubwa katika vipakiti vidogo. Sisi tunao kwenye magunia.

Shida yetu huku ni upande wa pili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1951 wakauacha, umekwisha kula mamilioni ya fedha. Wao walikwenda zao, lakini karanga hatukuiacha. Imo katika kisamvu, imo katika uji, imo katika kashata. Na korosho ndiyo mali ya mikoa yetu ya Lindi na Mtwara. Kumlea huku mtoto asiyeweza karanga wala korosho ni kama kumlea pwani mtoto asiyeweza samaki. Yawezekana, lakini nyumba nzima lazima iamke.

Basi chagueni hivi. Unga wa mchele ni mwepesi na hauna ladha kali, nao ufanywe msingi. Unga wa muhogo hushikamanisha na kulainisha. Unga wa mtama huleta ladha na nguvu, lakini ukizidi mkate hukauka na kumomonyoka, basi usizidi robo. Unga wa mahindi hufaa kwa mikate ya kukatwa vipande. Unga wa mbaazi na choroko ni mzuri kwa bajia, ila hizo ni za ukoo mmoja na karanga, na wachache wenye mzio wa karanga hudhurika nazo. Ulizeni kwa tabibu kwanza. Nazi wengi huiweza, nayo pia iulizwe. Na ufuta, unaolimwa sana Ruangwa na Nachingwea, si karanga, lakini nao una watu wake unaowadhuru.

MUHOGO NA SUMU YAKE

Msije mkakimbia hatari moja mkaangukia nyingine. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwaka 1985 huko Tarime watu walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo, kwa kula muhogo usiotengenezwa vizuri wakati wa njaa. Mwaka 1988 jirani zetu wa Masasi walipatwa na sumu hiyo hiyo kwa kuharakisha matengenezo. Kumenya na kuanika juani peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu. Lazima uloweke siku kadhaa mpaka ulainike, ndipo uanikwe.

Na hata unga uliokwisha sagwa una njia ya kusafishwa zaidi, aliyoifundisha mtaalamu Howard Bradbury wa Australia. Tia unga katika bakuli, usawazishe, utie alama pale ulipofika. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha. Utandaze juu ya ungo au jamvi safi, unene usizidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka ikaenda na hewa. Kisha uupike siku hiyo hiyo, au uukaushe vizuri kabisa kabla ya kuuweka.

Makopa au mahindi yaliyoota ukungu yatupwe. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi.

NAMNA YA KUOKA

Unga usio na gluteni hauna kinachoshika hewa, na kwa hiyo mkate hubomoka. Bibi zetu walilijua hili bila ya kusoma kitabu, ndiyo maana vitumbua vyao huchanganywa na konzi ya wali au uji mzito. Yai nalo hushika.

Mkate wa kumimina ufanywe hivi. Loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha. Asubuhi uusage laini pamoja na kikombe 1 na nusu cha tui, konzi ya wali uliopoa, na kijiko cha chai 1 cha hamira. Funika mpaka uumuke. Tia sukari nusu kikombe, iliki, na ute wa yai 1 uliopigwa. Mimina katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto. Weka makaa machache chini, na ukishaanza kushika uweke makaa mengi juu ya kifuniko.

Kwa mkate wa chai, chukua vikombe 2 vya unga wa mchele, kimoja cha muhogo na kimoja cha mtama. Katika huo wa muhogo toa vijiko 3, uvipike kwa kikombe 1 cha maji mpaka viwe kama gundi. Gundi ikipoa tia mayai 2, hamira na sukari, kisha changanya vyote kwa maji ya vuguvugu mpaka viwe kama uji mzito, si kama donge la chapati. Acha saa moja unga unywe maji. Oka katika vikopo vidogo, maana mkate mkubwa hudidimia katikati.

ADUI ALIYEJIFICHA

Haya yote yaweza kuharibika kwa jambo moja. Kinu mnachotwangia karanga msitwangie unga wa mtoto huyu, maana mti hunywa mafuta na hauoshwi ukatakata. Awe na kinu chake na chekeche yake. Katika mashine ya kusaga, ulizeni kilichotangulia. Unga wa lishe mara nyingi huwa na karanga, na pengine ngano. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi au karanga yasikaangiwe vitumbua vyake. Maandishi ya pakiti yasomwe, na asiyejua kusoma asomewe na kijana wake.

Katika futari, chakula chake kitangulizwe kando na kifunikwe, na siku ya Iddi wenyeji waambiwe mapema bila ya haya. Kumfuturisha mtu ni thawabu. Basi isiwe ni kumfuturisha kinachomdhuru.

Mwaka uliofuata tulisoma Maulidi kama kawaida. Kina mama walikubaliana, na sinia zote zikawa za mikate ya kumimina na vitumbua, karanga zikabaki majumbani. Mtoto yule alikula pamoja na wenziwe katika sinia moja, na hakuna aliyeuliza kashata ziko wapi.

Neno "kidogo hakidhuru" nimeliacha tangu siku ile. Nawaombeni nanyi mliache.

Wabillahi tawfiq.