Je, Wajua? Katikati ya Johannesburg Kuna Watu

Vijana wetu wanaposema fulani "kashuka Bondeni", yaani kaenda Afrika Kusini, mara nyingi ameelekea Johannesburg, na akifika kwa basi hushukia Park Station, kituo kikubwa cha treni na mabasi kilicho katikati ya jiji. Nje ya kituo hicho inaanza mitaa ambayo imetangaziwa msiba mara nyingi. Safu ya leo ni ya mitaa hiyo.

Je, wajua kuwa Johannesburg haina bahari, haina ziwa, wala haina mto wa kupitisha meli? Kilichowakusanya watu pale ni dhahabu, iliyogunduliwa mwaka 1886. Jiji lililozaliwa na mgodi liliishi na tabia ya mgodi: mwenye pesa akihisi mshipa umekauka, hufungasha na kwenda kuchimba kwingine.

Je, wajua kuwa mwaka 1973 yalifunguliwa majengo mawili yaliyokuja kuvutana kwa miongo mingi? La kwanza ni Carlton Centre, katikati kabisa, ghorofa 50 na urefu wa mita 223. Kwa zaidi ya miaka 40 halikuwapo jengo refu kuliko hilo barani Afrika. La pili ni Sandton City, jengo la maduka lililojengwa kaskazini, kwenye viunga vya wenye nazo. Ofisi zikaanza kuyafuata maduka. Mwaka 2019 hata taji la urefu lilihamia Sandton, kwenye jengo liitwalo The Leonardo.

Je, wajua Carlton Centre liliuzwa bei gani? Ujenzi wake uligharimu zaidi ya randi milioni 88. Mwaka 1999 shirika la umma la usafirishaji, Transnet, lililinunua kwa randi milioni 33. Hapo bado hujahesabu jinsi thamani ya randi ilivyoporomoka katika miaka hiyo yote.

Je, wajua kuwa tarehe 2 Mei 1994 Nelson Mandela alitoa hotuba ya ushindi wa uchaguzi akiwa Carlton Hotel, hoteli iliyounganishwa na jengo hilohilo? Dunia nzima ilikuwa ikitazama ukumbi ule. Kabla muongo haujaisha, hoteli ilifunga milango, na ghorofa zake 30 zimebaki kimya.

Je, wajua ni nini hasa kilichoikimbiza pesa? Hapa tusiende mbio. Sheria ya ubaguzi ya mwaka 1950 iliyogawa maeneo kwa rangi iliwakataza Waafrika kuishi katikati ya jiji. Walitakiwa wafike kufanya kazi, kisha warudi Soweto. Miaka ya 1980 wengi walianza kupanga kwa siri Hillbrow na mitaa jirani. Baadhi ya wenye nyumba waliona faida: mpangaji asiye na haki kisheria hutozwa kodi kubwa, na lifti ikiharibika hana pa kushtaki. Ili kumudu kodi hiyo, watu walijazana chumbani. Benki nazo zikakataa kukopesha kwenye mitaa hiyo, hivyo hata mwenye jengo aliyekuwa na nia njema hakupata fedha za kurekebisha paa. Sheria ilipofutwa mwaka 1991, majengo yalikuwa yamekwisha kuchoka. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema jiji liliharibika kwa sababu Waafrika na wageni waliingia, jua amelisoma jambo hilo kinyumenyume.

Je, wajua kuwa soko la hisa la Johannesburg lilihama Diagonal Street mwaka 2000 na kwenda Sandton? Mawakili, madalali na mikahawa iliyokuwa ikiwalisha mchana vilifuata nyuma.

Je, wajua kuwa jengo la posta la Rissik Street, lililojengwa mwaka 1897, liliteketea mwaka 2009 likiwa tupu? Lilikuwa urithi wa taifa. Jengo lisilo na mtu ndani halina wa kupiga kelele moto unapoanza.

Je, wajua "jengo lililotekwa" ni nini? Wakazi wa Johannesburg hutumia neno hilo kila siku. Mwenye jengo anazidiwa na madeni ya maji na umeme, anatoweka. Genge linaingia, linaweka watu wake mlangoni na kuanza kukusanya kodi. Hakuna hata senti inayorudi kwenye bomba au waya. Maji hukatwa, umeme huunganishwa kiholela, taka hujaa kwenye mashimo ya lifti. Wapangaji, ambao wengi wao ni walinzi, wauza mitumba, wasaidizi wa ndani na mafundi, wanaendelea kulipa kila mwezi kwa mtu asiyemiliki hata msumari mmoja ukutani.

Je, wajua kuwa jengo la namba 80 Albert Street, lililoungua usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 na kuua watu 76, lilikuwa mali ya halmashauri ya jiji yenyewe? Liliitwa Usindiso. Zamani za ubaguzi lilikuwa ofisi ambako Mwafrika alipanga foleni kupata pasi ya kumruhusu kuwa mjini. Baadaye likawa makazi ya wanawake wenye shida. Halafu likaachwa. Watu waligawa kumbi kwa mbao na mapazia wakajitengenezea vyumba, na usiku ule moto ulipita humo kama kwenye nyasi kavu. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo Watanzania na Wamalawi, watu waliotoka makwao wakiwa na namba moja ya simu ya ndugu mfukoni, kama wanavyoondoka wengi wa kwetu. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe iliibebesha halmashauri lawama mwaka 2024, kwa kulitelekeza jengo na kutotimiza wajibu wake wa usalama. Mimi siwezi kusoma mpango wowote wa kufufua jiji lile bila kwanza kutafuta humo: je, wale 76 wangelala wapi?

Je, wajua kuwa swali hilo limekwisha kujibiwa na mahakama? Mwaka 2011, katika kesi ya Blue Moonlight, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba maskini akifukuzwa katika jengo na akawa hana pa kwenda, halmashauri inawajibika kumtafutia makazi ya muda, hata kama aliyemfukuza ni mwenye jengo binafsi. Ugumu umekuwa kwenye utekelezaji. Vyumba hivyo vya muda ni vichache mno, kesi zinakwama, na majengo yanazidi kuoza wakati kila upande unamsubiri mwenzake.

Je, wajua mahakama hiyo imekaa wapi? Juu ya kilima katikati ya jiji, kwenye uwanja wa gereza la zamani walikofungwa Mahatma Gandhi na Nelson Mandela. Ilifunguliwa mwaka 2004, na baadhi ya kuta zake zilijengwa kwa matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa. Watu huja kutoka mbali kuiona, na hilo nalo ni mtaji wa katikati ya jiji.

Je, wajua kuwa ofisi tupu inaweza kugeuzwa nyumba, ila si kila ofisi? Ghorofa ya ofisi huwa pana sana, na sehemu ya katikati haifikiwi na dirisha. Vyoo vyote vimerundikwa kona moja, wakati nyumba zinahitaji bomba kila chumba. Pamoja na hayo, tangu miaka ya 1990 maelfu ya vyumba yametengenezwa kwa njia hiyo. Johannesburg Housing Company, iliyoanzishwa mwaka 1995, hupangisha kwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Mfuko wa TUHF, ulioanza mwaka 2003, hukopesha wamiliki wadogo wanaokarabati majengo ya mjini, watu waliokuwa wakionyeshwa mlango na benki. Siri ya majengo haya kusimama ni kazi za kila siku: msimamizi anayekaa jengoni, mlango unaofunguka kwa alama ya kidole, balbu inayobadilishwa siku hiyohiyo. Mimi nawaheshimu sana watu hawa wa balbu na vitasa. Hawakatiwi utepe, lakini ndio walioshikilia mitaa mizima isianguke.

Je, wajua duka moja linaweza kuwa dogo kiasi gani? Nenda eneo linaloitwa Jeppe, si mbali na Park Station. Kulikuwa na jengo refu la vyumba vya madaktari. Madaktari walipohama, wafanyabiashara wa Kihabeshi waliingia, wakavigawa vyumba vile kuwa vibanda vya upana wa mikono miwili, ghorofa juu ya ghorofa, mpaka kwenye korido. Majengo ya jirani yakaiga. Leo pale kuna nguo, mablanketi, viatu, mapazia, vipodozi, na mabango ya maandishi ya Kiamhari juu ya milango. Wateja huja kwa mabasi ya usiku kutoka Zimbabwe, Msumbiji, Zambia na Malawi, wananunua mchana kutwa, wanafunga marobota na kurudi kwao kuuza.

Anayeijua Kariakoo hahitaji maelezo zaidi. Anajua chumba cha mita chache kinavyoweza kulipa kodi kubwa kuliko ofisi ya wakili. Ndiyo maana hunistaajabisha kusikia eneo hili likitajwa kama tatizo la kusafishwa. Biashara imo tayari. Kinachokosekana ni vyoo vya wateja, mahali salama pa kuhifadhi mizigo, milango ya dharura isiyozibwa kwa maboksi, na polisi wasiomwinda mgeni kwa ajili ya hongo.

Je, wajua kuwa Oktoba 2013 halmashauri iliwafagia wamachinga kwa maelfu kutoka barabarani, wakiwamo wenye vibali halali? Waliopoteza meza zao walikwenda mahakamani. Tarehe 5 Desemba Mahakama ya Katiba iliamuru warudishwe. Usiku wa siku hiyohiyo Mandela alifariki.

Je, wajua kuwa Maboneng, mtaa uliosifiwa kote duniani kama mfano wa ufufuo, maana yake kwa Kisotho ni mahali pa mwanga? Ulianza mwaka 2009 kwenye maghala ya zamani mashariki mwa jiji: studio za wasanii, mikahawa, sinema, soko la Jumapili. Mwaka 2019 kampuni iliyouanzisha ilifilisika na majengo yake yakapigwa mnada. Mtaa haukufa, wapo wanaoishi na kufanya biashara pale. Ila ulikuwa umejengwa kama kisiwa: mvinyo upande huu wa barabara, na upande wa pili familia zisizo na maji.

Je, wajua kuwa mabasi ya mwendokasi ya Johannesburg, Rea Vaya, yalianza mwaka 2009, miaka saba kabla ya yale ya Dar es Salaam? Jina hilo kwa lugha ya mitaani ya kule maana yake ni "tunakwenda".

Je, wajua kuwa Julai 2023 barabara ya Lilian Ngoyi ililipuka? Gesi iliyojikusanya chini ya ardhi iliipasua lami na kurusha daladala hewani saa ya watu kurudi nyumbani. Mtu mmoja alikufa na makumi walijeruhiwa. Ukitaka kujua hali ya jiji, tazama kilicho chini ya barabara zake: mabomba, nyaya, mitaro, vitu ambavyo havikaguliwi kiongozi asipokaa madarakani vya kutosha. Kati ya Agosti 2016 na Agosti 2024 Johannesburg iliongozwa na mameya wasiopungua wanane. Mwaka 2025 Rais Cyril Ramaphosa aliunda kikosi kazi cha kulisaidia jiji kabla ya mkutano wa G20 wa Novemba. Wageni wa mkutano walikwisha kuondoka. Wakazi wa Hillbrow wanapima kikosi hicho kwa maji ya bombani.

Na je, wajua kuwa Ponte City, lile jengo la duara la ghorofa 54 lililofunguliwa mwaka 1975, lina tundu katikati kama mwanzi? Katika miaka yake mibaya wakazi walitupa taka ndani ya tundu hilo hadi rundo likafika usawa wa ghorofa ya tano. Palizungumzwa hata kuligeuza gereza. Mwaka 2007 wawekezaji walikuja na ndoto ya nyumba za kifahari, wakawahamisha wapangaji, kisha mikopo ikakauka mwaka 2008 na wao wakatoweka. Mwenye jengo akachagua njia ya taratibu: taka zikatolewa, lifti zikatengenezwa, ulinzi ukawekwa, kodi ikapangwa ya kulipika na mfanyakazi wa kawaida. Leo limejaa familia. Chini kabisa, tangu mwaka 2012, kuna kituo cha watoto wa jengo hilo, wenye wazazi waliotoka kila pembe ya bara. Kinaitwa Dlala Nje, maneno ya Kizulu yenye maana ya "cheza tu".