Je, Ardhi Itatutosha?

Ndugu Mkulima,

Siku wewe au baba yako alipopewa shamba, alionyeshwa mipaka yake kwa vigingi. Vigingi hivyo havijasogea hata hatua moja. Lakini hesabu watu wanaokula kutoka shamba hilo leo. Je, ni wale wale?

Shida hiyo ni ya dunia nzima. Mwaka 1960 dunia ilikuwa na watu milioni 3,000. Mwaka 2022 walifika milioni 8,000. Kenya ilihesabu watu milioni 8.6 mwaka 1962, na milioni 47.6 mwaka 2019. Ndiyo maana wengi huuliza kama watu wamekwisha kuizidi ardhi. Kabla hujajibu, sikiliza habari za Machakos.

Katika miaka ya 1930 vilima vya Ukambani vilikuwa uchi. Kila mvua ilibeba udongo na kuacha makorongo. Mwaka 1937 Bwana Colin Maher, ofisa wa kuhifadhi udongo, aliandika taarifa ya kutisha juu ya hali hiyo. Serikali ya kikoloni ilisema mifugo imezidi, ikaanza kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba wengi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumlalamikia Gavana. Wakati ule wilaya ilikuwa na watu kama 240,000.

Mwaka 1989 watu walikuwa karibu 1,400,000. Ungedhani pamekuwa jangwa. Sivyo. Vilima vilikuwa vimejaa matuta na miti. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1994 kwamba watu waliongezeka karibu mara sita, na hata hivyo mazao yaliongezeka kuwashinda.

Walifanyaje? Walichimba mtaro kukingama mteremko, wakatupa udongo upande wa juu. Matuta hayo huitwa "fanya juu". Udongo hukwama hapo, na maji huzama ardhini. Juu ya tuta walipanda nyasi, wakawakatia ng'ombe. Samadi waliirudisha shambani. Walipanda kahawa na matunda ya kuuza, na fedha za waliofanya kazi mjini zilinunua plau. Kazi nzito waliifanya pamoja, katika vikundi vya mwethya. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mikono ile iliyodhaniwa kuwa mzigo ndiyo iliyoshika jembe.

Lakini usilale, ndugu. Matuta hayaleti mvua, na ukame bado huleta njaa huko. Tena hakuna tuta linaloweza kuokoa shamba lililokatwa vipande vipande. Chukua shamba la ekari 15. Ukiwagawia watoto 4, kila mmoja hapati hata ekari 4. Nao wakiwa na watoto 4 kila mmoja, mjukuu wako hapati ekari moja kamili. Hapo toa nyumba, choo, zizi na njia. Mahindi yatapandwa wapi?

Basi fanya haya:

1. Chimba matuta kabla ya mvua, ukishauriana na Bwana au Bibi Shamba.

2. Samadi yote irudi shambani.

3. Kabla ya kugawa shamba, keti na mama watoto na watoto wote, wa kiume na wa kike. Afadhali shamba lilimwe likiwa moja, mavuno ndiyo yagawanywe. Wengine wajifunze ufundi.

4. Zaa watoto unaoweza kuwalisha na kuwasomesha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Wazazi wengi wamekwisha kupiga hesabu hii.

Ardhi yaweza kutulisha ikitunzwa, lakini haiwezi kuongezwa wala kukatwa bila mwisho. Mvua ijayo ikinyesha, simama kwenye mpaka wa chini wa shamba lako uyatazame maji yanayotoka. Yakiwa na rangi ya udongo, ujue kwamba kilichopita mbele ya macho yako ni chakula cha wajukuu wako. Kesho yake shika jembe.