Matandazo ya Bustani: Namna ya Kuyachagua, Kuyanunua na Kuyatumia Dhidi ya Magugu

Kila mwenye bustani ya mboga nyumbani anaifahamu kazi ya kupalilia isiyokwisha. Mvua za masika zikinyesha kwa wiki mbili tu, tuta la mchicha lililokuwa safi humezwa na magugu. Wengi hukimbilia dukani kutafuta dawa ya kuua magugu, ingawa katika eneo dogo lenye mboga za kula dawa hizo huweza kuyadhuru mazao yenyewe, na gharama yake hurudi kila msimu. Ipo njia nyingine, ambayo wakulima wa migomba wa Kagera na Kilimanjaro wameitumia kwa vizazi vingi, nayo ni kuifunika ardhi. Katika makala haya tunaeleza jinsi matandazo yanavyofanya kazi, aina zake, kiasi kinachohitajika, na mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyahakikisha kabla ya kutoa fedha zake.

Jinsi matandazo yanavyozuia magugu

Mbegu nyingi za magugu ni ndogo mno, na akiba ya chakula iliyomo ndani yake hutosha kuusukuma mche sentimita chache tu. Nyingi pia huhitaji mwanga ili ziote. Ardhi inapofunikwa, mbegu zilizo karibu na uso wa udongo hukosa mwanga huo, na zile zinazoota hufa kabla ya kulifikia jua. Zaidi ya hayo, matandazo hupunguza maji yanayopotea kwa mvukizo na huukinga udongo usigandamizwe na matone ya mvua. Kwa familia inayonunua maji kwa ndoo, faida hii huenda ikawa kubwa kuliko hata ile ya kuzuia magugu.

Hata hivyo, matandazo hufaa zaidi dhidi ya magugu yanayoota kwa mbegu. Hayatoshi dhidi ya magugu yenye viazi au mashina yanayotambaa chini ya ardhi, kama vile ndago, ukoka na motomoto. Chipukizi la ndago lina ncha kali inayoweza kutoboa hata karatasi ya plastiki. Kwa hiyo, muuzaji anayeahidi kwamba bidhaa yake humaliza magugu yote asiaminiwe. Magugu ya namna hiyo yachimbuliwe kwanza pamoja na viazi vyake, na yanayorudi yang'olewe kila yanapochomoza, mpaka akiba yake iishe.

Matandazo yatokanayo na mimea

Nyasi kavu, majani ya migomba na mabua ya mahindi ndiyo matandazo ya gharama ndogo kuliko yote. Yakioza huongeza rutuba, na kwa sababu hiyo huhitaji kuongezwa kila baada ya miezi michache. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu. Zikiwa na masuke yaliyokomaa, mnunuzi atakuwa ameyalipia magugu ya msimu ujao. Ni vyema pia kuuliza kama shamba zilikotoka lilinyunyiziwa dawa ya kuua magugu, maana baadhi ya dawa hizo hubaki katika mabua na kuzidhuru nyanya na kunde.

Pumba za mpunga hupatikana kwenye mashine za kukobolea. Ni nyepesi, hivyo huhitaji kunyunyiziwa maji mara baada ya kutandazwa ili zisipeperushwe na upepo.

Maranda na vumbi la mbao yatandazwe juu ya udongo, wala yasichanganywe nao. Yakichanganywa, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ambayo mimea ingeitumia, na majani ya mboga huanza kuwa ya manjano. Tunasisitiza jambo moja kwa ajili ya afya: vumbi la mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya kijani, lisitumike katika bustani ya chakula. Baadhi ya dawa hizo huwa na aseniki. Vumbi la mbao zilizopakwa rangi nalo liachwe.

Makumbi ya nazi hudumu muda mrefu na huhifadhi unyevu. Mnunuzi wa pwani ahakikishe kwamba hayakufukiwa baharini kwa ajili ya kutengeneza usumba, kwa kuwa hayo hubeba chumvi.

Maboksi yaliyokwisha kutumika nayo yanafaa. Yaondolewe gundi ya utepe na pini, yapangwe yakipandana kwa sentimita 15 hivi, yaloweshwe, kisha yafunikwe kwa nyasi.

Karatasi za plastiki na vitambaa

Karatasi nyeusi ya plastiki huzuia mwanga kabisa, lakini pia huzuia maji ya mvua. Mwenye kuitumia atahitaji mpira wa umwagiliaji wa matone chini yake, au amwagie maji kwenye matundu ya miche. Karatasi isiyo na rangi hupitisha mwanga, na magugu huweza kustawi chini yake. Matumizi yake yanayofaa ni kutandikwa kwenye tuta tupu lililoloweshwa, kingo zikifukiwa, kwa wiki 4 hadi 6 za jua kali, ili joto liue mbegu kabla ya kupanda.

Karatasi nyembamba huchanika, na vipande vyake hubaki udongoni kwa miaka mingi. Mnunuzi aulize unene wake na aikague kabla ya kulipa. Ikichakaa ikusanywe yote. Isilimwe pamoja na udongo wala kuchomwa moto, kwa sababu moshi wake una sumu.

Kitambaa maalumu cha kuzuia magugu hupitisha maji, na hufaa kwa njia za bustani chini ya kokoto. Hakifai sana kwa matuta ya mboga yanayolimwa kila msimu. Vumbi na majani yakirundikana juu yake, magugu huota hapo na kupenyeza mizizi kwenye nyuzi.

Kiasi kinachohitajika

Nyasi na majani yawe na unene wa sentimita 10, maana yatashuka. Pumba na maranda, sentimita 5. Hesabu yake ni kuzidisha urefu, upana na unene, vyote kwa mita. Bustani ya mita 5 kwa mita 2 huhitaji meta moja ya ujazo ya nyasi, sawa na magunia 10 yenye ujazo wa lita 100, au magunia 5 ya pumba.

Anayenunua kwa kirikuu apime sehemu ya mzigo. Kwa mfano, ikiwa ina urefu wa mita 2, upana wa mita 1.4, na mzigo umejaa kwa kimo cha mita 0.5, basi ananunua meta 1.4 za ujazo, hata kama muuzaji ataja kiasi kikubwa zaidi.

Namna ya kutandaza

1. Ng'oa magugu yote na umwagilie tuta, au usubiri mvua. Matandazo yakiwekwa juu ya udongo mkavu, mvua ndogo haitaufikia.
2. Subiri miche ifike kimo cha sentimita 10 hivi. Mbegu za mchicha zikifunikwa nazo hazitaota.
3. Acha nafasi ya sentimita 5 kuzunguka kila shina, ili lisioze.
4. Kagua kila wiki. Wakati wa mvua konokono hujificha chini ya matandazo. Wakati wa kiangazi mchwa huyafuata.
5. Usiyarundike kwenye ukuta wa nyumba, kwani huwavuta mchwa na huweza kuwaficha nyoka.

Kabla ya kulipa

Tunamshauri mnunuzi aulize maswali haya:

- Bidhaa imetoka wapi, na je, imewahi kutiwa dawa yoyote?
- Je, ina masuke, viazi vya ndago au vipande vya ukoka? Fungua gunia moja hadi chini. Usiridhike na juu peke yake.
- Inauzwa kwa kipimo gani? Gunia si kipimo mpaka ujazo wake ujulikane.
- Je, imelowa? Mzigo unaouzwa kwa uzito hugharimu zaidi ukiwa na maji.
- Je, risiti inaonyesha aina ya bidhaa na kiasi chake?

Risiti hiyo itunzwe, maana bila hiyo ni vigumu kuthibitisha malalamiko. Na kwa yule ambaye bado anaona dawa ya kuua magugu ni ya lazima, akumbuke kwamba viuatilifu vinavyouzwa Tanzania hupaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Chupa isiyo na lebo, au dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji au soda, isinunuliwe kwa bei yoyote.