Rudi pwani kuvua, lakini usiende pekupeku

Mzee mmoja mwenye kisukari aliniuliza kliniki: "Mwanangu daktari, nitavua tena?" Kwa miaka mingi alitupa mshipi kwenye mwamba ule ule wa Kunduchi, maji yakipwa. Alipokatwa kidole cha mguu, watoto wake wakamkataza kwenda.

Kidonda kilikuwa kimepona kabisa, nikamwambia arudi. Kukaa kimya ukisubiri samaki aguse chambo kunatuliza moyo, na kutembea hadi mwambani kunausaidia mwili kutumia sukari. Hofu yangu ilikuwa nyayo zake.

Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Tumbawe likikuchana, huenda usisikie chochote. Unarudi nyumbani na furaha yako, kumbe umebeba kidonda.

Kwa hiyo, msomaji wangu mwenye kisukari, vaa viatu vinavyofunika vidole, hata ukiingia majini. Vikung'ute kabla ya kuvaa, kokoto isibaki ndani. Ukitumia insulini, usiruke mlo, na beba kitu chenye sukari. Ukirudi, osha miguu kwa maji safi, kausha katikati ya vidole, kisha kagua nyayo. Ukiona mchubuko, wekundu au uvimbe, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama hapaumi.

Mzee amerudi mwambani kwake na viatu vya plastiki. Kila jioni mjukuu humkagua nyayo kwanza, ndipo samaki waparwe.