Mpira wa theluji kwenye njia ya joto



Kazini, mambo ya mipira ni mambo makubwa. Mbele ya kupanda lori la mgodi, shofere anazunguka chombo chake, anatazama mipira yote, anaandika kwenye karatasi. Asiyefanya hivyo anaulizwa. Lakini saa ya kazi ikiisha, mtu yule yule anaingia ndani ya motokari yake pamoja na bibi na watoto, na hakuna anayemwuliza neno juu ya mipira minne inayowabeba wote.

Ndiyo sababu leo ukurasa wetu unazungumza juu ya mpira wa motokari ndogo, na zaidi juu ya mpira mmoja unaodanganya macho: mpira wa theluji, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa pneu d'hiver.

Utauliza: theluji inatuhusu nini sisi watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi? Theluji yenyewe haituhusu. Lakini motokari nyingi tunazonunua zilitembea kwanza Ulaya au Japani, na vilevile mipira mingi inayouzwa kwa bei ndogo. Kati ya mipira hiyo imo ile iliyotengenezwa kwa ajili ya barafu. Muuzaji hakuambii. Pengine yeye mwenyewe hajui. Ni wewe utakayejua, ukiisha kusoma mistari hii.

UMETENGENEZWA KWA KAZI GANI?

Katika nchi za baridi, njia inafunikwa na theluji miezi mingi. Mpira wa kawaida unateleza pale kama sabuni kwenye sahani. Tena kuna jambo lingine: baridi ikishuka chini ya digri 7, kauchu ya mpira wa kawaida inaanza kuwa ngumu, haishiki tena njia vizuri. Wafini ndio waliotangulia kutafuta dawa ya jambo hilo. Mwaka 1934 kiwanda chao kilitoa mpira wa theluji kwa malori, na mwaka 1936 kikatoa wa motokari ndogo.

Mpira wa theluji una mambo mawili yanayoutenga na mingine. La kwanza, kauchu yake imechanganywa ili ibaki laini hata katika baridi kali. La pili, kila jino limekatwa vikato vingi vyembamba, kama vya wembe. Vikato hivyo vinafunguka kidogo mpira unapogusa njia, na kingo zake zinauma theluji. Kwa kazi yake, ni mpira mzuri sana. Kule Québec, nchini Kanada, tangu mwaka 2008 sheria inawalazimisha wenye motokari kuufunga wakati wa baridi.

TULINGANISHE AINA TANO

1. Mpira wa kiangazi. Kauchu yake ni ngumu zaidi, meno yake ni makubwa na imara, mifereji yake inatoa maji vizuri. Unashika njia ya joto, kavu au yenye mvua, kupita mingine yote. Kwenye theluji haufai kitu.

2. Mpira wa misumari. Una vichwa vidogo vya chuma kigumu vinavyochimba barafu. Kwenye barafu tupu ndio mkubwa wao. Lakini kwenye lami kavu unapiga kelele na unakwangua njia. Nchini Japani vumbi la lami iliyokwanguliwa lilijaa hewani mijini, na watu wakahofia mapafu yao. Mwaka 1990 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuizuia mipira hiyo. Sisi watu wa mgodi hatuhitaji kufundishwa ubaya wa vumbi.

3. Mpira wa baridi kali usio na misumari. Huu ndio Wajapani waliuchukua mahali pa ule wa misumari, na watu wa Ulaya ya kaskazini wanautumia pia. Kauchu yake ni laini kupita yote. Motokari iliyotoka Japani inaweza kukufikia nao chini yake.

4. Mpira wa baridi ya kadiri. Unatumiwa sana Ujerumani na nchi jirani zake, ambako wakati wa baridi njia ina maji kuliko theluji. Ni mgumu kidogo kupita ule wa tatu, lakini bado ni laini kwa joto letu.

5. Mpira wa majira yote. Unajaribu kazi zote mbili. Kwenye theluji unashindwa na wa theluji, kwenye joto unashindwa na wa kiangazi. Lakini kwetu hapa ni afazali kuliko ule wa tatu na wa nne.

Unaona sasa: hakuna mpira unaoshinda mahali pote. Kila mmoja una nchi yake, kama vile viatu vya mvua na viatu vya kanisani.

KWETU HAPA UNALETA HATARI GANI?

Wengine watasema: hata kwetu kuna baridi. Ni kweli, mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, tunavaa makoti. Lakini jua likipanda, saa sita hewa imefika digri 20 na zaidi. Na mwezi wa kumi joto linapita digri 30, na lami iliyopigwa na jua inakuwa na moto kupita hewa mbali sana. Mtoto asiye na viatu anaijua vizuri.

Kwenye lami ya namna hiyo, kauchu laini inalegea. Meno yaliyokatwa vikato vingi yanainama na kuyumba chini ya uzito wa motokari. Usukani unajibu kwa kuchelewa. Mpira unalika upesi, ukimaliza kwa miezi kile ambacho ungemaliza kwa miaka. Na ukitia watu sita, magunia mawili ya makala na unga juu yake, kisha ukaenda mbio kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, karibu kilomita 300, mpira unapata moto ndani yake. Kama hewa imepungua pia, unaweza kupasuka.

Lakini ubaya mkubwa ni freni. Kwenye njia ya joto, hata ikiwa na maji ya mvua, motokari yenye mipira ya theluji inasimama mbali zaidi. Tufanye hesabu moja. Motokari mbili zinakwenda kilomita 80 kwa saa. Mtoto anaruka njiani kufuata mpira wake wa kuchezea. Mashofere wote wawili wanakanyaga freni mahali pamoja. Tuseme ya kwanza, yenye mipira inayofaa, inasimama baada ya metre 40. Ya pili inahitaji metre 44. Metre 4 tu! Utasema si kitu. Lakini mahali pale ambapo ya kwanza imesimama kabisa, ya pili bado inakwenda karibu kilomita 24 kwa saa. Ya kwanza inamwogopesha mtoto. Ya pili inamgonga.

KWA NINI MACHO YANADANGANYIKA?

Mtu akienda kununua mpira uliotumika, anatazama meno. Meno marefu, anasema mzuri. Meno mafupi, anasema umekwisha. Kwa mpira wa theluji kipimo hicho peke yake hakitoshi.

Mpira mpya una meno ya karibu milimita 8. Katika nchi za Ulaya, kwa kawaida sheria inakataza kutembea chini ya milimita 1.6. Lakini mpira wa theluji unapoteza nguvu zake kwenye theluji mapema sana. Nchini Austria, ukishuka chini ya milimita 4 hauhesabiwi tena kuwa mpira wa theluji, na Ujerumani mafundi wanashauri vilevile. Kwa hiyo mwenye motokari kule anautoa wakati bado una milimita 4, na ule wa kiangazi anaweza kuutoa ukiwa na 2 tu. Ukiwekewa yote miwili chini ya mti, utachagua upi? Utachagua wa theluji, kwa sababu una meno. Na bei pengine ni ile ile.

SOMA UBAVU WA MPIRA

Mpira unasema wenyewe ulivyo. Umwombe muuzaji kitambaa, ufute vumbi, usome.

Alama ya mlima. Ukiona mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake, mpira huo ulipimwa kwenye theluji. Tazama basi kama kuna maneno All Season au 4 Seasons: huo ni wa majira yote. Kama hayapo, na vikato vya wembe vimejaa kwenye meno, ni wa theluji.

Maneno Winter, Snow, Ice, Alpin au Studless. Yote ni habari ya theluji na barafu.

Herufi M+S. Maana yake ni matope na theluji. Peke yake haikati shauri, kwa sababu motokari nyingi kubwa za njia mbaya zina mipira yenye herufi hizo na si ya theluji. Tazama vikato.

Ukubwa, uzito na mbio. Kwa mfano 195/65 R15 91T. Namba 91 maana yake mpira mmoja unabeba kilo 615, si zaidi. Herufi T maana yake mbio zake hazipiti kilomita 190 kwa saa. H ni 210. Ukikuta Q, yaani 160, kwenye mpira wa motokari ndogo, uwe na mashaka: mipira mingi ya baridi kali ina herufi hiyo.

Umri. Tafuta herufi DOT na namba nne za mwisho. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Kauchu inazeeka hata ikikaa bure ndani ya ghala. Mpira uliopita miaka 10 uachwe, hata kama unang'aa. Usidhani kwamba mpira wa theluji ukizeeka na kuwa mgumu unageuka wa kiangazi. Unakuwa mzee tu, na ufa unaanza ubavuni.

NA KAMA UNAYO TAYARI?

Tunajua mshahara una kazi nyingi: shule, chakula, dawa. Kama umeisha kugundua mipira hiyo chini ya motokari yako, usikate tamaa. Fanya hivi:

Punguza mbio, na acha nafasi kubwa mbele yako, zaidi sana wakati wa mvua na jua kali.

Usipakie kupita kiasi. Safari ndefu uifanye asubuhi, njia ikiwa bado baridi.

Pima hewa kila juma, asubuhi, mbele ya kutembea. Kipimo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa shofere. Mpira ukipata moto njiani, usitoe hewa. Simama, uache upoe.

Weka pesa kidogo kidogo, ununue mipira ya kiangazi. Ukiweza miwili tu, usiipeleke mmoja kushoto mbele na mmoja kulia nyuma. Ifungwe pamoja, nayo ifungwe nyuma. Watu wengi wanataka mizuri iwe mbele, lakini nyuma ikiteleza motokari inazunguka, na hapo usukani hausaidii. Kuchanganya si dawa kamili. Ukipata pesa, malizia miwili iliyobaki.

Usimruhusu kwado achonge meno mapya kwenye mpira uliokwisha. Mpira wa motokari ndogo hauna kauchu ya kuchonga. Kisu kinakaribia nyuzi za chuma, na kinachobaki ni ngozi tu.

Na wewe mama, neno hili ni lako pia. Wewe ndiwe unayepanda na watoto. Una haki ya kuuliza: mipira hii ni ya namna gani, ina miaka mingapi? Nanyi watoto mnaojua kusoma, Jumapili hii mzunguke motokari ya baba mkatafute mlima wenye ua la theluji. Mkiuona, mwende kumwambia.

Ndugu mfanyakazi, mgodini umefundishwa kwamba chombo kizuri mahali pasipo pake ni chombo kibaya. Kofia ya chuma ni nzuri, lakini huwezi kuipikia. Mpira wa theluji ni mzuri, lakini kwenye theluji. Kwetu hapa, mbele ya kulipa, inama, futa vumbi, usome. Ni dakika mbili tu, nazo zinaweza kukupa zile metre 4.