'Nchi ya Kitu Kidogo': Wimbo unaofaa kujadiliwa na familia

Kwa mtoto mdogo, chai ni kinywaji cha asubuhi. Siku anapomsikia baba akimweleza mama kwamba ofisini wamegoma kutoa hati mpaka wapewe "chai", ndipo anapojua kuwa neno hilo lina maana ya pili, na kwamba watu wazima huitaja wakiwa wameshusha sauti. Maana hiyo ya pili ndiyo iliyomfanya mwanamuziki wa Kenya, Eric Wainaina, atoe wimbo "Nchi ya Kitu Kidogo" mwaka 2001.

Wimbo huo umo katika albamu yake, Sawa Sawa. Wainaina alianzia katika kundi la Five Alive, kisha akaenda kusomea muziki katika chuo cha Berklee, mjini Boston, Marekani. Wakenya wengi walikuwa wamemfahamu kwa wimbo "Kenya Only", uliosikika sana wakati wa maombolezo ya waliouawa na bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 7, 1998. Aliyewafariji wananchi wakati wa msiba akarudi na wimbo wa kuwakaripia.

Wakati huo Rais Daniel arap Moi alikuwa madarakani tangu 1978. Nchi ilikuwa bado inauguza jeraha la kashfa ya Goldenberg ya miaka ya 1990, ambapo mabilioni ya shilingi za umma yalilipwa kwa mauzo ya dhahabu na almasi nje ya nchi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwapo. Msanii mwingine angeanza na mabilioni hayo. Wainaina alianza chini kabisa, kwenye noti inayokunjwa na kupenyezwa mkononi.

Neno linalofunika aibu

Rushwa ina majina mengi kwa sababu hakuna anayependa kuitaja kwa jina lake. Kenya kuna "chai" na "kitu kidogo". Tanzania kuna "chauchau", na anayekwenda kutoa huambiwa "amezunguka mbuyu". Wakati wa uchaguzi ilipewa hata jina la heshima, "takrima", ukarimu kwa wageni. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliiruhusu, hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2006 kwamba inakiuka Katiba. Hata methali zimeingizwa katika shughuli hii: mkono mtupu haulambwi.

Majina hayo yana kazi. Yanamfanya anayeomba ajione kama mgeni anayestahili kukaribishwa, na anayetoa ajione kama mtu mkarimu. Wainaina aliyafunua kwa kuyachukulia kama yalivyo. Katika wimbo wake, anayetaka chai anaelekezwa aende Limuru, eneo la mashamba ya chai nje kidogo ya Nairobi. Msikilizaji anacheka, halafu anashituka, kwa sababu yeye mwenyewe amelitumia neno hilo wiki hiyohiyo.

Chini ya mzaha huo kuna huzuni. Wimbo unasema, kwa maana, kwamba nchi inayoendeshwa kwa vijisenti vya chini ya meza huwapunguza watu wake kimo, anayepokea na anayetoa. Si wimbo wa kufoka. Ni malalamiko ya mwananchi wa kawaida.

Mabadiliko yaliyokuja na kukwama

Desemba 2002 Wakenya waliipigia kura serikali mpya ya muungano wa NARC, ikiongozwa na Mwai Kibaki. Wimbo peke yake haukuleta ushindi huo, lakini ulikuwa sehemu ya hewa ya wakati ule. Mapema 2003 kulikuwa na habari za abiria wa matatu kuwakabili askari wa trafiki waliokuwa wakidai hongo barabarani. Watu waliokuwa wakinung'unika kimyakimya walisimama na kusema hapana. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria mpya dhidi ya ufisadi.

Matumaini hayo hayakudumu. Mwaka 2004 ikafichuka kashfa ya Anglo Leasing, iliyohusu mikataba ya serikali na kampuni hewa. Februari 2005 John Githongo, katibu aliyepewa jukumu la utawala bora na maadili, alijiuzulu akiwa Uingereza. Serikali ilikuwa imebadilika, lakini mazoea yalibaki.

Ndiyo maana wimbo huo haujazeeka. Desemba 2019 King Kaka alipotoa "Wajinga Nyinyi", maneno yake makali hayakuishia kwa wanasiasa. Aliwageukia pia wapigakura wanaouza kura zao kisha wakalia miaka mitano. Mtindo ni mwingine, lakini swali ni lile la Wainaina: sisi wenyewe tumechangia nini?

Upande wa nyumbani

Swali hilo ni la familia kabla ya kuwa la serikali. Noti inayotolewa ili faili lipite haraka imetoka kwenye bajeti ya nyumbani, kwenye unga, karo na nauli. Kwa mwenye mshahara mnono ni usumbufu. Kwa mama anayeuza mboga inaweza kuwa faida yote ya siku.

Gharama nyingine haionekani. Mzazi anayelipa ili mwanawe apate nafasi ya shule au ajira hamwoni mtoto wa jirani aliyekuwa mbele kwenye foleni na sasa amerudishwa nyuma. Kila kitu kidogo kinachomsaidia mmoja kina mtu mwingine ambaye hakuwa nacho.

Hata hivyo, haki inadai watu wasihukumiwe kwa mizani moja. Mama anayedaiwa fedha huku mtoto wake akihema kwa shida kwenye benchi la hospitali hana nafasi ya kujadili maadili. Huyo ameporwa. Ni tofauti na anayenunua cheo au zabuni. Wainaina anamwonea huruma mwananchi aliyebanwa, lakini hamruhusu alizoee jambo hilo.

Hapo ndipo wazazi wana kazi. Watoto hawajifunzi rushwa kwenye vitabu vya uraia. Wanajifunza kwenye kiti cha nyuma cha gari, wakimwona mzazi akikunja noti ndani ya leseni ya udereva. Wanajifunza wanapoambiwa "mwambie mwalimu tutamwona". Kitu kinachofanywa na mtu anayempenda, mtoto hukihesabu kuwa sawa.

Familia inaweza kuanza kwa mambo madogo. Wazazi na vijana wausikilize wimbo pamoja na kuulizana kila neno lina maana gani. Rushwa iitwe rushwa mbele ya watoto, na mzazi aliyelazimika kutoa aeleze kwamba alilazimishwa, asijisifu kwamba ana akili za mjini. Kabla ya kwenda ofisi yoyote, aulize ada halali ni kiasi gani na adai stakabadhi. Ajue pia kwamba sheria haimlengi mpokeaji peke yake: Kenya, kwa sheria ya hongo ya mwaka 2016, na Tanzania, kwa sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007, kutoa ni kosa kama kupokea. Anayeombwa anaweza kutoa taarifa kwa EACC nchini Kenya au TAKUKURU nchini Tanzania.

Waliokuwa watoto wa shule ya msingi wimbo huu ulipotoka mwaka 2001 sasa ni wazazi. Wengine wao wamekaa nyuma ya madawati yaleyale ambayo wazazi wao walisimama mbele yake, wakiwa na noti iliyokunjwa mkononi.