Mbio za Barabarani Kwenye Baridi Kali

Mwili wa mkimbiaji huzalisha joto jingi. Katika nishati yote inayochomwa na misuli wakati wa mbio, takriban robo tu ndiyo inayosukuma miguu. Iliyobaki hugeuka kuwa joto, na joto hilo sharti litoke kupitia ngozi na pumzi. Penye jua kali mwili hutumia nguvu nyingi kujipoza. Hewa ikiwa na ubaridi kazi hiyo hupungua, na damu ambayo ingepelekwa kwenye ngozi hubaki ikihudumia misuli. Kwa wakimbiaji hodari wa marathoni, hali ya hewa ya nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi ndiyo inayoleta muda mzuri.

Kalenda ya mbio inalionyesha hilo. Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni yake ya kwanza Valencia, Uhispania, Desemba 2022, akatumia saa 2, dakika 1 na sekunde 53. Oktoba 2023 akaweka rekodi ya dunia ya saa 2 na sekunde 35 mjini Chicago. Miaka mingi kabla yake, Mtanzania Juma Ikangaa alijijengea jina nchini Japani katika majira ya baridi: alishinda Tokyo Februari 1984, kisha Fukuoka Desemba 1986. Mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, hufanya nusu marathoni mwezi Januari, katika kipindi ambacho jua halichomozi kabisa.

Baridi peke yake, basi, si adui wa mkimbiaji. Hatari huingia pale joto linapotoka mwilini kwa kasi kuliko linavyozalishwa, na mambo matatu ndiyo humfikisha mtu huko: maji, upepo na kupungua kwa mwendo.

Jinsi joto linavyopotea

Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Nguo iliyolowa mvua au jasho haimkingi mtu tena, bali humnyonya joto. Upepo nao hupeperusha tabaka jembamba la hewa ya vuguvugu linalokaa juu ya ngozi. Hewa ya nyuzi -10 ikiambatana na upepo wa kilomita 30 kwa saa huhisiwa kama ya nyuzi -20. Kipimo hicho cha pamoja kikishuka hadi -28 hivi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa.

Jambo la tatu husahaulika mara nyingi. Anayekimbia kwa kasi hufidia joto linalopotea kwa joto analolizalisha. Akichoka na kuanza kutembea, joto jipya hupungua papo hapo, ilhali nguo bado zimelowa na upepo ni uleule. Ndiyo sababu kilomita za mwisho huwa na hatari kuliko za mwanzo, hata kama hali ya hewa haijabadilika.

Mwili hujitetea kwa kubana mishipa ya damu ya ngozi, mikono na miguu ili joto libaki kwenye moyo, mapafu na ubongo. Vidole ndivyo hulipia kwanza. Mkimbiaji hujikuta ameshika pakiti ya jeli na hawezi kuichana, au kamba ya kiatu imefunguka na vidole havina nguvu ya kuifunga. Misuli iliyopoa nayo hujikunja polepole, kwa hiyo hatua hufupika na mwendo hushuka zaidi.

Boston, Aprili 2018

Mfano ulio wazi ni marathoni ya Boston ya tarehe 16 Aprili 2018. Kwa kalenda ilikuwa masika ya Marekani, lakini hewa ilikuwa ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, mvua ilinyesha mfululizo, na upepo mkali uliwapiga wakimbiaji usoni karibu njia nzima. Kabla ya kuanza, maelfu yao walisubiri kwenye viwanja vya shule vilivyogeuka matope katika mji wa Hopkinton, wamejifunika mifuko ya plastiki.

Wanariadha wengi wakuu walijitoa. Mamitu Daska wa Ethiopia aliongoza kwa muda mrefu upande wa wanawake, lakini hakumaliza. Mshindi alikuwa Desiree Linden wa Marekani, aliyekimbia akiwa amevaa jaketi. Mapema alijiona hana nguvu, akamwambia mwenzake Shalane Flanagan kwamba huenda angejitoa na kwamba yuko tayari kumsaidia kwanza. Flanagan alipoingia chooni, Linden alipunguza mwendo kumsubiri, kisha wakarudi pamoja kwenye kundi. Alikata utepe kwa saa 2, dakika 39 na sekunde 54, muda wa polepole kwa mshindi wa Boston, lakini uliotosha siku hiyo.

Upande wa wanaume, Mkenya Geoffrey Kirui, bingwa wa mwaka uliotangulia na bingwa wa dunia wa 2017, aliwaacha wenzake kwa zaidi ya dakika moja. Kilomita za mwisho miguu ilikataa, akapitwa na Yuki Kawauchi wa Japani, mtumishi wa serikali aliyekuwa akifanya mazoezi nje ya saa za kazi. Kawauchi alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 58. Kirui alimaliza wa pili kwa 2:18:23.

Ushindi wa Kawauchi haukuwa wa bahati tu. Siku ya Mwaka Mpya wa 2018 alikimbia marathoni ndogo mjini Marshfield, si mbali na Boston, kwenye baridi ya nyuzi -17 hivi, akamaliza kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 59. Muda huo, katika baridi kali kuliko ile ya Aprili, haupishani sana na wake wa Boston. Marshfield palikuwa na baridi kavu. Boston palikuwa na maji na upepo.

Mavazi

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuvaa kana kwamba nje kuna joto zaidi kwa nyuzi 10 hivi. Anayehisi kibaridi mstarini yuko sawa. Anayehisi joto kabla ya kuanza atalowa jasho baada ya kilomita chache. Nguo ya ndani iwe ya kitambaa kinachosukuma jasho nje, kama poliesta au sufu nyembamba. Pamba haifai, kwa sababu hunyonya maji na kukaa nayo. Juu yake, palipo na baridi kali, huongezwa vazi linalohifadhi joto, na mwisho jaketi jepesi linalozuia upepo na mvua.

Wapo wanaoamini kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani. Si kweli: kichwa hupoteza joto kwa kiasi kinacholingana na ukubwa wake, takriban sehemu moja ya kumi. Kofia ni muhimu kwa sababu masikio huganda upesi. Glavu zisizobana huwa bora kuliko zinazobana, kwani hewa iliyonaswa ndani ndiyo inayotunza joto. Mafuta ya mgando kwenye mashavu na midomo husaidia ngozi isikauke na kupasuka, ila hayazuii kuganda.

Kabla ya kuanza na njiani

Nguo za zamani au mfuko mkubwa wa plastiki uliotobolewa pa kupitisha kichwa na mikono hutosha kumkinga mtu wakati wa kusubiri, kisha huvuliwa dakika za mwisho. Kupasha misuli kuanze taratibu na kuchukue muda mrefu kuliko siku ya joto.

Njiani kiu hupungua, lakini maji yanaendelea kupotea kwa jasho lililofichwa na nguo, kwa pumzi, na kwa mkojo ambao baridi huuongeza. Kupita vituo vya maji bila kunywa ni kosa la kawaida. Chakula nacho ni muhimu, kwani kutetemeka huchoma wanga uleule unaohitajiwa na miguu. Palipo na barafu, hatua fupi na viatu vyenye meno madogo ya chuma huzuia kuteleza.

Hewa kavu ya baridi huikausha na kuikera mirija ya hewa, na kifua kinaweza kubana hata kwa mtu mzima wa afya. Kitambaa chepesi mdomoni huipasha hewa kabla haijaingia. Mwenye pumu atumie dawa kama daktari alivyomwelekeza na abebe kivuta chake. Mwenye maradhi ya moyo apate ushauri kwanza, kwa sababu mishipa ikibana shinikizo la damu hupanda.

Baada ya mstari wa mwisho

Dakika zinazofuata kumaliza ni hatari kuliko zinavyoonekana. Misuli imeacha kuzalisha joto, lakini mwili bado unapoa. Blanketi jembamba linalong'aa hukinga upepo na kurudisha sehemu ya joto, ila halikaushi nguo. Dawa ni kuvua vilivyolowa, kuvaa vikavu na kuingia ndani.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huwa ameingia kwenye hipothemia. Hutetemeka sana, hutamka maneno kama mlevi, hupepesuka na kutoa majibu yasiyoeleweka. Akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, hali imezidi kuwa mbaya. Avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe kwa vitu vikavu, apewe kinywaji cha moto chenye sukari iwapo yuko macho kabisa, na aitiwe daktari. Asipewe pombe, kwani hufungua mishipa ya ngozi na kuharakisha upotevu wa joto. Kidole kilichoganda huwa kigumu na kufa ganzi. Kwenye ngozi nyeupe hupauka, na kwenye ngozi nyeusi huonekana cha kijivu. Kisisuguliwe wala kuwekwa karibu na moto. Kifunikwe tu hadi mhudumu wa afya akipashe kwa maji ya vuguvugu.